Tarehe iliyorudi nyuma Kibirizi: kisa cha binti aliyeanza kuandika makala za kiufundi

Binti ninayemzungumzia ni wa Mwanga, Kigoma mjini. Alimaliza stashahada ya TEHAMA, akarudi nyumbani, akapata kibarua kwenye steshenari: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Jioni duka likifungwa hubaki na kompyuta ya tajiri wake, kwa ruhusa, akijifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kwenye kivinjari. Maombi ya kazi alituma mengi. Wachache waliomjibu walitaka kuona kazi alizowahi kufanya, naye alikuwa na cheti tu cha kuwaonyesha. Waliomtangulia chuoni wakamshauri aanze kuandika makala za kiufundi na kuziweka mtandaoni, ili anayetaka kumwajiri aone namna anavyofikiri. Ushauri ni mzuri, ila hakuna aliyemwambia aandike nini.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu, naishi hapahapa Kigoma, na rasimu zake zilipitia kwangu. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yake, kwa sababu naona vijana wengi wakikwama palepale alipokwama yeye, na wengine hukata tamaa wakati jambo lenyewe zuri la kuandika wanalo mkononi.

Makala zake za kwanza ziliitwa "JavaScript ni nini?", "Tofauti ya let na const" na "Sababu 10 za kujifunza programu". Alizihangaikia, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Tatizo ni kwamba hazikuwa na chochote kilichomtokea yeye. Kila aya ilikuwa imetoka mahali fulani alikokuwa amesoma juzi, ikageuzwa maneno kidogo. Mambo hayo ya msingi yameelezwa kwa kina na watu wenye muda na ujuzi. Maelezo ya MDN, tovuti ya marejeo ya watengeneza programu za wavuti inayohusishwa na Mozilla, yapo tangu 2005 na yanaboreshwa kila siku. Anayeanza akishindana nao kwenye uwanja huo hana atakachoongeza.

Nilimuuliza swali moja kuhusu makala ya let na const. Let na const ni maneno ya JavaScript ya kutangazia jina la kitu unachohifadhi. Alikuwa ameandika kwamba kilichotangazwa kwa const hakibadiliki. Nikamwambia, basi tangaza orodha ya majina kwa const, kisha ongeza jina moja ndani yake, uone. Akajaribu, jina likaingia bila kipingamizi. Const huzuia jina lisipewe kitu kingine, haizuii vilivyomo ndani ya orodha kubadilika. Hilo alilijua baada ya dakika mbili za kujaribu, ila alikuwa ameshaandika kurasa mbili bila kujaribu. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa makala za aina hii: mwandishi anaweza kuimaliza yote bila kugusa kitu chenyewe.

Sasa, wakati huohuo anaandika "Sababu 10", alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuihesabu kuwa kazi. Mama yake mdogo ananunua dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, pamoja na kikundi cha akina mama wenzake. Mitumbwi ikirudi na mzigo usiku au alfajiri, wanapokea, wanapima kwa beseni, wanaandika kwenye daftari nani kaleta kiasi gani na nani anadaiwa. Binti alikuwa amewatengenezea kijiprogramu cha kwenye simu: unaandika jina la mwenye mtumbwi, idadi ya beseni na bei, kisha jioni unapata jumla ya siku. Mama mdogo hakuacha daftari. Alikuwa anaandika kote kuwili, na nashukuru kwamba alifanya hivyo.

Aprili 2024 mama mdogo akaja na malalamiko. "Mwanangu, simu yako na daftari haviongei lugha moja. Jumatatu simu inasema nimepokea mzigo mwingi, daftari linasema kidogo. Jumanne ni kinyume chake."

Binti alianza kushuku saa ya simu. Akaikagua, ikawa sawa. Akashuku kwamba mama mdogo alikosea siku kwenye daftari, akamwambia, na mama mdogo akamtazama kwa namna ambayo hakuirudia tena kauli hiyo. Akabadilisha simu. Akafuta programu akaiweka upya. Tofauti ikabaki vilevile. Ndipo akakaa chini na daftari, akajumlisha wiki nzima badala ya siku mojamoja, na jumla ya wiki ikalingana kabisa na ya simu. Nalipenda sana hilo, kwa sababu ndilo lililofungua fumbo: hakuna mzigo uliopotea. Kuna mizigo iliyohamia siku nyingine.

Akazipitia zilizohama, mojamoja. Zote zilikuwa za mitumbwi iliyorudi mapema, na zote zilipokelewa baada ya saa sita usiku, kabla ya saa tisa. Iliyopokelewa saa kumi alfajiri haikuhama hata moja.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja wa programu, mstari ambao nimeuona kwenye kazi za watu wazima wenye mishahara minono:

new Date().toISOString().slice(0, 10)

Mstari huu unachukua wakati wa sasa, unaugeuza kuwa maandishi, kisha unakata herufi kumi za mwanzo ambazo ni mwaka, mwezi na siku. Unaonekana hauna kosa. Lakini toISOString haitoi saa ya mahali ulipo. Hutoa saa ya UTC, ile saa ya kimataifa ambayo nchi zote hupimia saa zao, kila mara, popote simu ilipo. Tanzania tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Kwa hiyo ikiwa Kibirizi ni Jumanne tarehe 16 Aprili, saa nane na dakika kumi usiku, kwa UTC bado ni Jumatatu tarehe 15, saa tano na dakika kumi usiku. Mzigo wa Jumanne unaandikwa Jumatatu. Ikifika saa tisa usiku kwetu, UTC nayo inaingia siku mpya, na tangu hapo kila kitu kinakwenda sawa mpaka usiku wa manane unaofuata. Anayejaribu programu yake mchana ofisini hawezi kuliona kosa hili maisha yake yote. Linaonekana kwa mtu anayefanya kazi saa nane usiku, na kwenye ziwa hili watu wa namna hiyo ni wengi.

Aliponieleza haya alikuwa anacheka kwa furaha ya kulipata. Nikamwambia, hiyo ndiyo makala yako. Akajibu, "Kaka, lakini hilo ni kosa langu dogo tu la tarehe. Nani atalisoma?"

Jibu langu ndilo jambo lenyewe ninalotaka kulisema katika kisa hiki. Anayeanza fani ana kitu ambacho mzoefu hana tena: bado anakumbuka alikwama wapi, alishuku nini kwanza, na kilichomtoa ni nini. Mimi nikiandika kuhusu tarehe na UTC nitaeleza kwa aya moja, kwa sababu kwangu jambo hilo limeshakuwa la kawaida na nimesahau kwamba kuna siku lilinisumbua. Yeye alilitatua wiki ileile. Anajua msomaji atashuku saa ya simu, kwa hiyo ataanzia hapo. Ujuzi huo unaisha haraka. Baada ya miezi sita hata yeye ataandika kama mimi. Ndiyo maana nasisitiza makala iandikwe wiki ileile tatizo lilipotatuliwa, hata kama ni madondoo tu kwenye simu.

Muda wa kuiandika vizuri aliupata kwa njia ambayo hakuna aliyeifurahia. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Mwalo ukapoa, mama mdogo akahamia kwenye biashara ya mchele, na programu ikabaki haina cha kuandika. Binti akawa na jioni zake.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kichwa "Safari yangu katika ulimwengu wa teknolojia". Ilianza na alivyopenda kompyuta tangu akiwa shule ya msingi, na kosa la tarehe likaja ukurasa wa pili. Nilimwomba afikirie mtu mmoja tu: mwenzake aliyeko Tabora au Sumbawanga, saa hizi ana kosa hilohilo, ameshika simu yenye bando la kuungaunga, ameandika kitu kwenye Google. Ameandika nini? Hakika hakuandika "ulimwengu wa teknolojia". Kichwa kikawa "JavaScript inaandika tarehe ya jana ukihifadhi data usiku kabla ya saa tisa". Kirefu, hakina mapambo, na kina kila neno ambalo mwenye shida angeliandika.

Tukapanga upya na mwili wa makala. Aya ya kwanza ikawa dalili: ninachokiona na nilichotegemea kukiona. Ikafuata hali yenyewe, simu ya aina gani na kivinjari gani, kwa kifupi. Kisha mfano mdogo kabisa unaoonyesha kosa bila kijiprogramu chote cha dagaa. Hapa alifanya jambo la werevu. Badala ya kumwambia msomaji asubiri usiku wa manane, aliweka wakati maalumu ndani ya mfano: new Date('2024-04-16T02:10:00+03:00').toISOString(). Ukiutekeleza mstari huo saa yoyote, jibu ni 2024-04-15T23:10:00.000Z, na siku iliyorudi nyuma unaiona kwa macho yako, mchana kweupe.

Halafu zikaja njia alizojaribu zikashindikana. Alitaka kuzifuta, akiona zinamwaibisha. Nilikataa, na hadi leo naamini ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Msomaji anayefika pale naye ameshabadilisha simu, ameshafuta programu akaiweka upya. Akikuta mwandishi amepita njia hizohizo, anajua yuko mahali sahihi na anaendelea kusoma. Na mwajiri akisoma, anaona mtu anayeondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu. Kujumlisha wiki nzima ili kujua kama mzigo umepotea au umehama ni akili ya kazi kabisa, na kwenye cheti haiandikwi.

Kuhusu lugha hatukubishana sana. Maelezo Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha anayofikiria na ndiyo aliyokuwa anaikosa yeye alipokuwa anatafuta msaada. Mistari ya programu na ujumbe wa makosa inabaki kama inavyotokea kwenye kioo, herufi kwa herufi, maana ndivyo mtu anavyoinakili kuitafuta.

Kulikuwa na mambo mawili ya hatari kwenye rasimu, na haya nayaona mara nyingi kwa waandishi wapya. La kwanza ni picha ya kioo cha simu. Alitaka kuonyesha jedwali lenye tarehe iliyokosewa, akapiga picha ya jedwali halisi: majina ya wenye mitumbwi, namba zao za simu, na safu ya madeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa kama hizo ndizo inazozilinda. Hata sheria isingekuwepo, kumwanika mtu kwamba anadaiwa beseni saba kungeharibu uhusiano wa kibiashara ambao mama mdogo ameujenga kwa miaka. Tukatengeneza jedwali jipya lenye majina ya kubuni na namba zisizo za mtu. Likaeleza vizuri zaidi, kwa kuwa lilikuwa na mistari mitatu tu.

La pili lilijificha zaidi. Kijiprogramu kilikuwa kinamtumia mama mdogo ujumbe mfupi wa jumla ya siku kupitia kampuni moja ya huduma hiyo, na ufunguo wa siri wa akaunti ulikuwa umeandikwa ndani ya faili. Alipopandisha folda yote GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kushirikishana programu, ili wasomaji waone, ufunguo ukapanda nao. Nilipomwonyesha akaufuta ule mstari, akapandisha tena, akadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Git, programu ambayo GitHub imejengwa juu yake, hutunza historia ya kila badiliko; ndiyo kazi aliyoitengenezea Linus Torvalds mwaka 2005. Mstari uliofutwa leo unasomeka kwa kurudi hatua moja nyuma. Ufunguo ukishaonekana hadharani dawa yake ni kuufuta kwenye akaunti ya kampuni, kutoa mpya, na ule mpya kuuweka kwenye faili ambalo Git imeambiwa ilipuuze kupitia .gitignore. Alifanya hivyo jioni ileile.

Mahali pa kuweka makala hapakutuchukulia muda. GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka kurasa mtandaoni, ni bure, ipo tangu 2008, na makala zinaandikwa kwa Markdown, mtindo aliouanzisha John Gruber mwaka 2004, ambao unaweza kuuandika hata kwenye simu kama maandishi ya kawaida. Nilichomhimiza ni wepesi wa ukurasa. Picha moja ya kioo iliyopigwa ovyo inaweza kula megabaiti kadhaa. Jedwali lilelile likiandikwa kwa maandishi halifiki hata kilobaiti moja. Msomaji wetu ananunua bando la siku, na ukurasa ukichelewa kufunguka ataufunga.

Na leseni? Swali hili huulizwa na kila kijana wa Tanzania anayetaka kuanza, na lina sababu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ada zake zote zilizidi shilingi milioni mbili. Wengi walizima kurasa zao mwaka ule. Kanuni hizo zilibadilishwa na nyingine mwaka 2020, nazo zikarekebishwa 2022. Kwa hiyo anayekutisha au kukutoa hofu kwa habari za 2018 hakusaidii. Zisome zinazotumika sasa, uone kundi gani la maudhui linaguswa, na ukiwa na shaka waulize TCRA wenyewe kwa maandishi.

Makala ikatoka. Wasomaji hawakuwa wengi, na sidhani kwamba hilo lina uzito. Mmoja wao ndiye aliyeleta faida. Alikuwa mtu anayefanya biashara kati ya Kibirizi na Kagunga, kijiji cha mpakani kabisa na Burundi, na alikuwa na kijiprogramu chake cha nauli za boti. Alimwandikia kwamba suluhisho lake lina tundu.

Katika makala binti alikuwa ameshauri kuacha toISOString na kutumia getFullYear, getMonth na getDate, ambazo husoma saa ya mahali simu ilipo, bila kusahau kuongeza moja kwenye mwezi kwa sababu JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri. Kwa simu iliyokaa Kibirizi hilo ni sahihi. Lakini simu iliyotoka Kagunga ikiwa imeshika mtandao wa Burundi huweza kujibadilisha saa, na Burundi, sawa na mashariki ya Kongo, wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtu huyo akishuka Kibirizi na kuandika mzigo saa sita na dakika ishirini usiku, simu yake inaamini bado ni saa tano na dakika ishirini, na siku inarudi nyuma tena. Kosa lilelile, kwa mlango mwingine.

Nilifurahi kuona alivyolipokea. Hakuifuta makala wala hakubadilisha kimyakimya. Aliweka aya juu kabisa, yenye tarehe, akisema suluhisho la awali halitoshi kwa simu zinazovuka mpaka, akamshukuru msomaji, kisha akaandika njia mpya: siku ya biashara ihesabiwe kwa kutaja ukanda wa saa wenyewe, kwa Intl.DateTimeFormat yenye timeZone: 'Africa/Dar_es_Salaam', ili saa ya simu isiwe na usemi. Hata simu ikidhani iko Bujumbura, tarehe inatoka ya Kigoma. Makala ile ikawa bora kuliko ambavyo mimi na yeye tungeweza kuifanya peke yetu.

Ajira nayo ilikuja, kwa njia ya kawaida tu. Aliomba nafasi ya chini kwenye ofisi moja inayotengeneza mifumo ya vyama vya akiba na mikopo, akaweka kiungo cha makala kwenye barua. Aliyemsaili kwa simu alikuwa ameisoma. Hakumuuliza let na const. Alimuuliza hivi: rekodi za Aprili ambazo tayari zimehifadhiwa na tarehe mbaya, ulizirekebishaje?

Ni swali zuri, na makala haikuwa imeligusa. Akajibu ukweli: programu haikuweza kuzirekebisha, kwa sababu ilikuwa imehifadhi siku peke yake bila saa, na ukishakata herufi kumi za mwanzo huwezi tena kujua mzigo wa tarehe 15 uliingia saa nne asubuhi ya siku hiyo au saa nane usiku wa kuamkia tarehe 16. Walizirekebisha kwa mkono, yeye na mama mdogo, kutoka kwenye daftari. Tangu hapo programu inahifadhi wakati kamili kwa UTC, na siku ya biashara inahesabiwa wakati wa kutoa ripoti. Msaili akamwambia, "Hilo liandike pia." Akapewa mkataba wa majaribio wa miezi mitatu, akifanyia kazi hapahapa Kigoma, na jibu lile likawa makala yake iliyofuata.

Kwa sasa anaandika kuhusu ripoti ya Juni 2024. Ziwa lilikuwa limefungwa, beseni sifuri, mauzo sifuri, na programu ilipogawanya sifuri kwa sifuri kupata wastani wa bei ikaandika NaN, yaani "si namba", kwenye ujumbe wa mama mdogo, naye akapiga simu kuuliza kama hiyo ndiyo bei mpya. Rasimu ninayo mezani. Nimemrudishia na ombi moja: aongeze alichojaribu kabla ya kupata jibu.